Kumvusha Kaka Bahari

Kaka yangu alichimba dhahabu miaka kumi na tisa. Alianzia Geita akiwa kijana aliyemaliza darasa la saba, kisha akahamia Mwakitolyo, kwa sababu ni karibu na kijiji chetu na mama alikuwa amebaki peke yake. Hakuwahi kufukiwa wala kuangukiwa na jiwe. Kilichompata kiliingia puani polepole. Vumbi la mwamba, lile linalofuka watu wanapochoronga ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, na wanaposaga mawe kwenye karasha, lilimkaa kifuani mpaka ikafika siku hakuweza kutoka kitandani hadi chooni bila kusimama katikati na kushika ukuta.

Mimi ndiye mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, naishi mjini, mtaa wa Kambarage. Mke wake alipomleta kwangu tulizunguka naye hospitali karibu mwaka mzima. Wengi walidhani ni TB. Makohozi yakapimwa mara tatu, haikuonekana. Mwishowe daktari mmoja wa Mwanza aliiweka picha ya kifua kwenye mwanga, akatuonyesha madoa meupe yaliyotapakaa kama chenga za mchele, akasema vumbi hilo halitoki. Akatuambia India kuna hospitali zenye vipimo ambavyo yeye hana, pengine wangeweza kumsaidia kupumua. Tulipokuwa tunainuka akaongeza kwamba mgonjwa asipande ndege, maana kule juu hewa ni nyepesi na kifua kile hakitavumilia.

Sikumuuliza swali hata moja. Kila siku nawahimiza wanafunzi wangu waulize, lakini mbele ya koti jeupe nilisema, "Asante daktari," nikachukua mkoba.

Habari ya meli tuliipata kwa mtu anayeshughulikia safari za watu, hapo hapo Mwanza. Wifi yangu alikwenda kumuuliza kama kuna njia ya kufika India bila kuruka. Yule bwana alicheka kwanza, halafu akatafuta kwenye simu yake, akasema ipo meli ya watalii inayozunguka dunia, itatia nanga Dar es Salaam, na kutoka hapo itavuka moja kwa moja hadi Mumbai kwa siku saba. Vyumba vichache vilivyobaki wazi huuzwa kwa kipande hicho cha safari. Meli ina madaktari, alisema. Ina kitanda, chakula, na hakuna kupanda juu mawinguni.

Kaka aliuza ng'ombe na sehemu yake ya duara. Hakuna aliyemzuia. Lakini kabla ya kulipa tulikwenda kijijini kumweleza mama, tukakaa sebuleni kwake watu wanne, tukazipima safari hizo mbili kama mtu anavyopima bei za wanunuzi wawili wa mahindi.

Wifi alikuwa upande wa meli. Alisema mgonjwa atalala wakati wowote anaotaka, hatabanwa kwenye kiti kimoja, na hewa ya bahari ina unyevunyevu, itamlainishia kifua. Kaka naye alisema ameishi nusu ya maisha yake chini ya ardhi, angependa japo wiki moja akae mahali pasipo na ukuta. Mimi nilisema siku saba ni nyingi na hatumjui mtu yeyote mle ndani, lakini nilisema kwa unyonge, maana sikuwa na njia nyingine ya kuwapa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake ni kidogo, hivyo aliuliza kwa Kisukuma.

"Mtu akizidiwa siku ya nne, mnamteremsha wapi?"

 Kaka akajibu kwamba meli ina daktari. Mama akasema anajua ina daktari, yeye ameuliza mahali pa kuteremkia. Tukaanza kuongea habari za viza.

Kulikuwa na fomu ya afya, na mimi ndiye niliyeijaza, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Swali mojawapo liliuliza kama msafiri ana ugonjwa wowote wa moyo au wa mapafu. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Yule bwana wa safari alikuwa ameshatuonya kwamba wenye meli humkataa mgonjwa wanayeona atawasumbua, na malipo yalikuwa yameshatoka. Nikaandika hapana. Kaka hakuniambia niandike hivyo, wala wifi. Hawakujua hata kama swali hilo lipo.

Iliamuliwa niende mimi, kwa sababu ya hiyo hiyo lugha. Nikaomba ruhusa shuleni. Tulisafiri kwa basi hadi Dar, kaka akiwa amekaa dirishani na leso mdomoni, na siku ya pili yake tukapanda.

Sitaki kusema uongo kuhusu meli ile. Ilikuwa safi kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia. Chumba chetu kilikuwa cha ndani, cha bei ya chini, hakina dirisha, na kaka alipokiona alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia. Akasema, "Haya, hiki nakizoea." Lakini vitanda vilikuwa laini, na kila tulipotoka tulirudi tukakuta vimetandikwa. Chakula kilikuwepo asubuhi mpaka jioni, mtu anachota anachotaka. Kaka, ambaye nyumbani alikuwa anakula vijiko vitatu vya uji, alikula samaki mzima siku ya kwanza.

Siku mbili za mwanzo nilidhani tumefanya jambo la maana. Nilimpandisha kwa lifti hadi juu, nikamkalisha kwenye kiti cha kulala karibu na bwawa la kuogelea, akawa anaangalia maji. Alipumua vizuri kweli. Aliinuka akatembea mwenyewe hadi kwenye reli na kurudi. Nikampiga picha amevaa miwani ya jua aliyoazimwa na bibi mmoja mzungu, anacheka. Wengi mle walikuwa wazee waliostaafu, watu wa kucheza karata na kusoma vitabu vinene. Yule bibi aliniuliza tunakwenda India kwa matembezi gani. Nikamwambia tunakwenda kuona ndugu.

Siku ya tatu upepo ulibadilika. Meli kubwa kama ile sikujua kama inaweza kuyumba, lakini iliyumba, na kaka akaanza kutapika. Kila akitapika anakohoa, na kila akikohoa pumzi inakata. Watu waliokuwa karibu nasi kwenye ukumbi wa chakula walisogeza viti vyao, si kwa ubaya, waliogopa kuambukizwa. Nikaona bora tukae chumbani. Nilimpa dawa zake za kuvuta na maji ya vuguvugu, nikamweka mito mitatu mgongoni. Nilikuwa nangoja meli itulie. Nilijiambia ikitulia naye atatulia.

Asubuhi ya siku ya nne midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikabonyeza kitufe cha kuita msaada, wakaja vijana wawili na kiti cha magurudumu, wakampeleka kwenye zahanati ya meli, ghorofa ya chini kabisa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimwekea oksijeni, akampiga picha ya kifua, kisha akaja kwangu na karatasi mkononi. Niliitambua kabla hajanikaribia.

Aliniuliza nani aliijaza. Nikasema mimi. Akauliza kama nilikuwa najua. Nikasema nilikuwa najua.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akanieleza taratibu, kama ninavyomweleza mzazi ambaye mtoto wake amefeli. Kwamba mitungi ya oksijeni aliyonayo ina kikomo. Kwamba tuko katikati, visiwa tulivyovipita viko nyuma sana na India iko mbele kwa umbali kama huohuo. Kwamba helikopta haifiki hapa. Nahodha ameshapewa habari, ataongeza mwendo kadiri awezavyo.

"Kingine tutafanya nini?" nilimuuliza.

"Tutasubiri," alisema.

Nimeshawahi kusubiri mambo mengi maishani, mvua, uhamisho, matokeo. Lakini nchi kavu hata ukiwa umekwama kuna kitu utakifanya, hata kama hakina maana. Utakwenda barabarani kutafuta bodaboda. Utampigia mtu. Utamwita mchungaji, au utafuata waganga wa mitishamba wale ambao kila siku unawasema vibaya. Mle melini sikuwa na mlango wa kutokea. Nilipanda ghorofa kumi na moja, nikazunguka kote, pande zote ni maji, nikashuka tena. Katika ukumbi mmoja wazee walikuwa wanafundishwa kucheza dansi. Sikuwachukia. Walikuwa wamelipa kama sisi.

Intaneti ya meli ilikuwa ya kununua kwa saa. Nilipoifungua nilikuta ujumbe tisa wa wifi. Alisema nyumbani wote wanaomba, mama hali chakula, na kwa nini siwatumii picha ya mgonjwa. Nilikaa na simu ile mpaka muda nilioununua ukakaribia kwisha. Kisha nikamtumia picha ya siku ya pili, ile ya miwani. Akajibu mara moja kwamba anamshukuru Mungu, na kwamba amemwonyesha mama, na mama amekubali kula.

Kaka mwenyewe hakuwa anaongea. Siku ya tano, daktari alipotoka kidogo, aliivuta ile barakoa ya oksijeni pembeni.

"Nikifa huku wananitupa majini?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana, kuna chumba cha baridi, nitamfikisha nyumbani. Nilikuwa sijui kama kipo. Nilimrudishia barakoa, akafumba macho. Jioni ile nilimuuliza daktari, akaniambia kipo. Nilifarijika kwa jibu lile, halafu nikajiona nilivyo, mtu anayefarijika kwa habari kama hiyo.

Hakufa. Siku ya sita bahari ilitulia, na daktari alipunguza oksijeni kidogo kidogo ili itufikishe Mumbai. Siku ya saba, saa nne asubuhi, tuliona majengo ya Mumbai kwenye ukungu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika bandarini. Abiria walizuiwa kushuka mpaka sisi tupite, na yule bibi wa miwani alisimama kwenye foleni akanishika bega. Hakusema kitu kuhusu ndugu niliomwambia tunakwenda kuwaona.

Hospitalini tulikaa wiki tano. Walimpima kila mahali. Mwishowe walituambia jambo lile lile la Mwanza, vumbi halitoki, isipokuwa wao walilisema kwa kirefu zaidi na wakatupa dawa nzuri zaidi, pamoja na mashine ndogo ya kutengenezea oksijeni inayotumia umeme.

Siku ya kutupa ruhusa nilimuuliza daktari kijana aliyekuwa anatuhudumia kama kuna meli inayorudi Afrika Mashariki. Aliniangalia kama hajanisikia vizuri. Akauliza kwa nini meli. Nikamweleza habari ya hewa nyepesi. Akasema ni kweli, ndiyo maana mgonjwa kama huyu huombewa oksijeni ndani ya ndege, daktari anajaza fomu siku chache kabla, shirika la ndege linaandaa. Jambo hilo linafanyika kila wiki.

"Hamkuambiwa?" aliuliza.

Nikasema hatukuambiwa. Sikuongeza kwamba hatukuuliza.

Tuliruka. Kaka alikaa na mpira wa oksijeni puani, akalala njia nzima, na kabla sijamaliza kula walichotuletea mara ya mwisho tukatangaziwa kufunga mikanda kwa ajili ya kutua Dar. Niliangalia chini dirishani. Yale maji yote tuliyoyavuka kwa siku saba tulikuwa tumeyapita asubuhi moja.

Sasa anaishi kwangu, Kambarage, kwa sababu ya umeme. Kijijini hautabiriki, na hapa mjini nao ukikatika tunakaa wote kimya tukimsikiliza. Dawa zinamsaidia. Anafika hadi kibarazani, anakaa, anasalimiana na wapita njia. Mama alipokuja kumwona mara ya kwanza alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamnong'oneza maneno ya Kisukuma ambayo kaka hajaniambia ni yapi. Swali lake la siku ile hajalirudia. Kuhusu fomu sijamwambia mtu, isipokuwa kaka, na yeye alisema tu kwamba hata yeye angeandika hivyo hivyo. Haikunipunguzia kitu.

Habari zimesambaa. Wachimbaji wenye vifua kama chake ni wengi, na mara kwa mara huja mtu kutoka Mwakitolyo au Geita kuuliza ilikuwaje. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mke wa mchimbaji, amefunga kanga kiunoni, ametoka kwenye basi moja kwa moja. Alimwamkia kaka, akaketi kwenye stuli, akauliza kipi ni bora, meli au ndege.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilitaka kumwambia habari ya oksijeni ya ndege, fomu, na siku ya nne. Lakini kaka alianza kabla yangu. Alimweleza juu ya samaki, na kitanda kinachojitandika chenyewe, na bwawa la maji lililoko juu ya maji mengine. Alisema kule hakuna vumbi kabisa, mama, hata chembe, unaangalia mpaka macho yanachoka na hakuna kitu mbele yako. Alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu turudi.

Yule mama aliniangalia ili nithibitishe.

Nilimsindikiza hadi barabarani, na huko nikamwambia habari ya oksijeni ya ndege, nikamwandikia kwenye karatasi maneno ya kumuuliza daktari. Aliikunja akaitia kwenye fundo la kanga. Akaniuliza kama kweli kule baharini kaka alikuwa anapumua vizuri. Nikamwambia siku mbili, ndiyo, alipumua vizuri sana.

Akasema mume wake angefurahi kupata hata hizo mbili.  Bodaboda ikasimama, akapanda, akaondoka.