Mwenye Hofu Kuliko Wote Kiwandani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kusimulia na akazisitiri aibu zangu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana, katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho karibu na Mingoyo. Chuo kilinituma kuchunguza kwa nini wafanyakazi huiona hatari wakanyamaza. Wanaosoma maandiko yangu ya miaka mingi juu ya hofu kazini hudhani yalizaliwa maktabani. Yalizaliwa pale, kwenye joto na harufu ya maganda.

Kulikuwa na tangi la kupikia korosho kwa mvuke. Kifuniko chake kilipiga mluzi, na kila kilipopiga, akina mama waliokaa jirani nalo waliacha mazungumzo. Nikawauliza mmoja mmoja, nikiahidi kwamba neno la mtu halitatoka kwangu. Wote wakajibu, "Hapa salama tu, alhamdulillahi." Bi. Somoe, Mmwera mwenzangu kutoka Kilangala, ndiye pekee aliyeninong'oneza: "Lile tangi litatuua. Lakini nikisema nafukuzwa, na wajukuu wananitazama mimi."

Kesho yake, kwa nia njema, nikamwambia msimamizi kwamba yupo mfanyakazi anayeliogopa tangi. Sikutaja jina, nikajiona muungwana. Kumbe nimemfungulia mlango wa kuuliza.

Msimamizi huyo, Hashimu, mtu wa Songea, akasimamisha kazi. "Mtafiti, mtaje aliyesema. Usipomtaja, wote wa upande huu wanarudi nyumbani leo, na wasirudi tena."

Akina mama wakainamisha vichwa. Nikaanza kujiambia kwamba heri aumie mmoja kuliko wote. Maana hofu, mwanangu, ikishakupanda kichwani hukutafutia na hoja. Nikafumbua mdomo.

Bi. Somoe akanikatiza kwa kicheko kikubwa.

"We Mngoni! Babu zako walikuja kutuibia mahindi, wewe umekuja kutuchemsha? Niliyesema ni mimi. Haya, nifukuze! Siku ukifa, nani atakuja kufanya fujo kwenye matanga yako?"

Sisi na Wangoni ni watani, na mtani hakasirikiwi. Lakini utani wa msibani ni mmoja, na utani mbele ya mwenye kukupa riziki ni mwingine. Hakuna aliyethubutu kucheka. Bi. Somoe mwenyewe alikuwa ameikamata kanga yake kifuani.

Hashimu akaligeukia tangi. "Mwizi wa mahindi ni bibi yako," akasema bila ukali. Akaketi juu ya gunia. "Mimi nami silali kwa ajili ya hilo tangi. Mwenye kiwanda aliniambia siku nikilizima, nami niondoke."

Akainuka, akaenda kulizima kwa mkono wake. Mchana simu ya ofisini ikalia, na matusi ya mwenye kiwanda tukayasikia hadi nje. Hashimu akajibu tu, "Ndiyo, bosi, nimelizima." Tukangoja tukidhani anafungasha. Lakini bila tangi hakuna korosho; hakufukuzwa, fundi akaletwa kutoka Lindi, akasema kifuniko kilikuwa kimebakiza kidogo tu kiruke.

Jioni Bi. Somoe akanivuta pembeni. "Ulikuwa unanitaja, baba. Nimeuona mdomo wako. Umekuja kuichunguza hofu yetu. Ya kwako umeichunguza lini?"

Tangu hapo, kila mahali pa kazi nilipokwenda kuchunguza, sikuanza na wa chini. Nilianza na mkubwa, nikamuuliza anamwogopa nani, kisha nikajiuliza mwenyewe.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi mwanangu, ukipewa watu wa kuwaongoza, usifurahie wakikuambia kila siku kwamba ni salama. Waachie njia ya kukuambia ukweli, hata kama ni ya mzaha, na ukweli ukipita humo, usiifunge njia hiyo kwa hasira. Neno uliloambiwa kwa siri ni amana. Usilisogeze hata mlangoni pa mwenye kulitafuta. Na anayekutisha mtazame vizuri, huenda naye yuko aliyemkaba.

Mola akupe moyo usiouza wenzako saa ya woga, akukutanishe na mtani mwema, na akurudishe kwako salama kila utokapo kazini. Amin.