Udongo wa Mwatum Maganda

Siku ya kwanza Bi Mwatum alinishinda katika bei, nami si mtu wa kushindwa. Biashara yangu ni miche na bustani za mahoteli. Nilianza na toroli moja pale Amani, na wakati huo nilikuwa na gari mbili. Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya jiko la hoteli moja Mbweni, namsubiri meneja, nikamkuta mwanamke wa makamo na mapolo matupu, wapishi wanamtania.

"Mwatum Maganda huyo! Mpakulieni biriani lake la funza!"

"Chekeni," akawajibu, huku anamimina maganda ya viazi na mapapai ndani ya polo. "Chenu kinaishia chooni. Changu kinaota."

Nikampa shikamoo, nikamuuliza anafanyia nini taka zile. Akafungua kifuko, akanitilia kiganjani mboji nyeusi, nyepesi, inanuka kama msitu baada ya mvua. Nikataja bei. Akataja yake, mara mbili ya yangu.

"Bi Mwatum, taka umepewa bure."

"Taka nimepewa bure. Miezi mitatu ya kuigeuza sikupewa. Nunua miezi, mwanangu."

Nikanunua.

Shamba lake lilikuwa njia ya Fumba, katika kijiji ambacho ukipiga jembe chini linatoa cheche. Mawe matupu, na kati ya mawe vumbi jekundu la kujaza kiatu. Lakini pale kwake mguu ulizama. Alikuwa na miaka minane anaipika ardhi ile: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, samadi ya ng'ombe, mwani uliooshwa chumvi, majani tena. Nyama na mafuta hakuyataka, yanaita panya. Kila rundo lilichomekwa kipande cha nondo katikati. Akikichomoa, anakishika: kikiwa cha moto, kazi inakwenda; kikiwa baridi, rundo linageuzwa, likinyunyiziwa maji kama limekauka.

Nilifika kiangazi. Saa nne asubuhi tungule za majirani zilikuwa zimekunjamana kama karatasi. Zake zimesimama, na yeye alimwagia ndoo moja pale wenzake walipomwaga tatu.

"Mbolea ya dukani inaupa mmea chakula," aliniambia. "Hii inaipa ardhi tumbo."

Sikubisha, nilikuwa nahesabu. Hata hoteli ilifaidika: zamani taka zake zilichomwa shimoni, moshi na nzi mpaka kwa wageni. Tangu yeye achukue maganda, zilizobaki hazinuki, na gari la taka linaitwa nusu ya safari.

Tatizo lake lilikuwa moja. Ardhi haikuwa yake, ilikuwa ya Usi, mtoto wa ami yake, seremala anayekaa mjini. Alipoachwa na mumewe alikwenda kwa Usi kuomba pa kulima, naye akamwazima kwa neno linalojulikana na kila mtu: lima utakacho, mti usipande. Kwetu ardhi na mti ni mali mbili. Aliyepanda mnazi katika ardhi ya mwenzake, mnazi ni wake, na siku ya kumtoa unamlipa mnazi kwanza. Kwa hivyo muazimwa akiruhusiwa miti, kesho humtoi.

Siku moja nilimpelekea miche kumi na mbili ya milimau, tubadilishane na mboji. Akaitazama kwa hamu, kisha akairudisha garini mmoja mmoja.

"Nimempa Usi neno."

"Usi hata huku haji."

"Mungu yuko huku."

Nikaondoka na milimau yangu. Kabla sijafika barabara kuu nilikuwa nshaelewa kwamba mwanamke huyu, kwa hesabu ya kijiji, hana kitu pale.

Nikaenda kwa Usi. Nikamuuliza kama anauza.

"Mawe yale? Lakini yuko Mwatum."

"Mwatum ana mti?"

Akafikiri. "Hana."

"Basi ana nini?"

Kabla sijamlipa Usi, tulikaa barazani kwa marehemu baba yake kuhesabu haki ya anayetolewa: wazee watatu, Usi, mimi, na Bi Mwatum chini kwenye jamvi. Mzee Ahmada, mkubwa wao, ndiye aliyeuliza.

"Mwatum, una miti mingapi?"

"Sina hata mmoja, mzee. Neno lilikuwa hilo."

"Nyumba je?"

"Banda la makuti."

"Banda ubomoe, uchukue. Kingine?"

"Udongo."

Watu wakacheka, na Usi akacheka kuliko wote. "Wallahi, huyu kesho atadai na upepo!"

"Ardhi ya Usi ni mawe," akasema Bi Mwatum, sauti haikupanda. "Nilipewa mawe, nikayafunika ndoo kwa ndoo. Kama hamniamini, muulizeni Sabri. Ameununua kwangu."

Wote wakanigeukia. Neno langu moja lingetosha kumpa fidia, au japo ruhusa ya kuuchota udongo wake.

"Mimi nilinunua mbolea iliyomo ndani ya polo," nikasema. "Kilichoko chini sikijui."

Mzee Ahmada alinitazama. Nadhani alijua. Lakini mila ina hesabu ya minazi, ya udongo haina.

"Ungepanda hata mlimau mmoja, mwanangu," akamwambia. "Sasa tukulipe nini?"

Akapewa mpaka Ijumaa. Alichukua makuti yake na marundo mawili yaliyokuwa bado mabichi, akayahamishia uwanjani kwa mama yake. Rundo lililovunjwa likiwa na moto halina adabu: yote mawili yaliroa, yakanuka, majirani wakapiga kelele, akalazimika kuyatupa. Habari hiyo nililetewa na Usi, kama kichekesho.

Mimi nilivuna vizuri misimu miwili. Miche yangu ilinenepa mpaka wateja wakadhani nina dawa. Ardhi ile sikuipa kitu. Nilidhani udongo wa miaka minane ni akiba isiyokwisha. Kiangazi cha pili ukawa umeshuka, mawe yakachomoza kama magoti, na maji niliyokuwa nikimwaga yakapotea kama katika chungio. Nikamtuma mtu kwa Bi Mwatum aje kunifanyia kazi, mshahara mzuri. Jibu lilirudi siku ile ile: "Mwambieni, udongo wangu keshaula. Mikono yangu hataila."

Basi nikaiuza ardhi kwa mjenzi wa nyumba za kupangisha, kwa mara tatu ya niliyompa Usi. Mjenzi hataki udongo, msingi wake unataka mwamba. Likaja katapila, likaanza kukwangua. Nilikuwa hapo, namkabidhi msimamizi wake mipaka, ndipo Bi Mwatum akatokea na polo kwapani.

"Bwana Sabri, udongo mnautupa?"

"Unatupwa."

"Basi niachieni mimi. Nitakuja na gari la ng'ombe, nitachota mwenyewe."

"Achukue, bibi wa watu," akasema msimamizi. "Atanipunguzia kazi."

"Unatoa ngapi?" nikamuuliza Bi Mwatum.

Msimamizi akanitazama kama nimetapika. Lakini mtu akikitaka kitu mbele yangu, kina bei. Sijui biashara nyingine. Nilitegemea abishane, kama siku ile Mbweni, nami ningeshuka, huenda mpaka sifuri. Hakubishana. Alilikunja polo, akalirudisha kwapani, akaondoka. Mnunuzi akiondoka, muuzaji humwita. Sikumwita.

Udongo ulisukumwa kwenye mteremko wa pwani pamoja na vifusi. Masika ikaushusha wote baharini. Wakulima wa mwani walilalamika siku tatu kwamba maji ni meusi, hawaoni kamba zao.

Usi hanisalimii, kwa sababu aliniuzia rahisi. Hoteli ya Mbweni imerudia kuchoma maganda yake, na bustani yake wamempa mtu mwingine, kwa kuwa majani niliyoyatunza kwa mbolea ya dukani yaliungua kiangazi kilichofuata. Bi Mwatum anakaa kwa mama yake, mgongo umemkataa, mchicha ananunua sokoni. Mimi nina faida ya ardhi ile, nimeongezea gari la tatu. Udongo sikuuuza, na sikuutoa.