Santuri Tatu za Njiapanda Jazi, Kutoka Sofu hadi Vihingo

Uvumilivu wangu ulikatika siku niliyoona peremende ndani ya kazi ya marehemu baba.

Nilikuwa sebuleni kwa Ndugu Kibwana, katibu wa kamati ya maonesho hapa kwetu Sofu, Kibaha. Mwanangu Zuhura alikuwa mgongoni, amelala. Nilikwenda kuulizia santuri zangu tatu kubwa, nilizoiazima nyumba ile kwa ajili ya harusi ya mpwa wao. Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na bakuli jeusi lenye ukingo uliojikunja kama ua, limejaa peremende. Mkewe akanisogezea, "Mama Zuhura, mchukulie mtoto." Nikachukua. Chini ya zile peremende nikaona karatasi nyekundu ya duara yenye maneno niliyoyajua kabla sijaanza darasa la kwanza: Njiapanda Jazi.

"Ndugu Kibwana," nikasema, "hili bakuli ni santuri yangu."

"Ilikuwa," akajibu, hana hata wasiwasi. "Dada yangu, sindano za gramafoni hazipatikani. Dar nzima hakuna. Santuri bila sindano ni sahani tu. Na sisi tumeagizwa kupeleka kazi za mikono kwenye maonesho, vitu vilivyokaa bure vitumike. Tumeichovya kwenye maji ya moto, tumeiumba. Wageni wameisifu sana."

"Na zile mbili?"

"Kikundi cha akina mama wa Kisarawe kilikuja kujifunza ufundi huu. Tukawapa malighafi."

"Malighafi?"

"Usikasirike bwana. Zingekuwa za Ulaya, au basi za Kongo, ningekuuliza kwanza. Hizi za hapahapa nani anazitaka?"

Nikainua bakuli, nikamwaga peremende zote mezani, nikatoka nalo. Nyuma yangu nilimsikia mkewe akisema, "Si angeniachia japo kitambaa," maana kumbe kitambaa nacho kilikuwa kimening'inia kwenye vidole vyangu. Nilikirudisha palepale mlangoni. Mimi si mwizi.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mnaokusanya santuri za jazi, kwa sababu wengi wenu mna akili ya Ndugu Kibwana. Rafu zenu zimejaa Wamarekani na Wakongo. Njiapanda Jazi ilikuwa bendi ya dansi ya watu wa Kisarawe, baba yangu Selemani akipuliza tarumbeta. Walitoa santuri kubwa tatu tu. Ya kwanza, yenye jina la bendi, ndiyo hiyo iliyokuwa bakuli, na kama unayo, itunze, maana gitaa lake lina utundu ambao sijausikia kwingine. Ya pili inaitwa Saa ya Mapumziko. Ya tatu, Mvua ya Vuli, ndiyo ya mwisho baba kurekodi. Zote zilichapwa Nairobi, na sasa mpaka wa Kenya umefungwa. Hazichapwi tena. Baba alifariki Zuhura yuko tumboni, na picha tuliyo nayo haipumui wala haipulizi. Mwanangu angemsikia babu yake kwenye zile santuri au asingemsikia kabisa.

Jioni ile mume wangu aliniuliza, "Utakwenda Kisarawe na mtoto mchanga kwa ajili ya sahani?"

"Na wewe ukiita sahani nitakuacha na uji uupike mwenyewe."

"Basi nenda," akasema. "Ila nepi chukua za kutosha."

Asubuhi, kituo cha Maili Moja. Nilibeba Zuhura, kapu la nepi, lile bakuli, na kiberiti kisicho na njiti. Ndani ya kiberiti, kwenye pamba, kulikuwa na sindano yangu ya gramafoni, ya mwisho. Wakati wengine wanacheza na zao kila jioni, mimi yangu niliipumzisha. Basi la Dar lilichelewa mpaka jua la asubuhi likaanza kutuchoma. Mama mmoja akatazama bakuli langu akaniuliza nauza kiasi gani, anataka la sebuleni. Nikamwambia haliuzwi, lina kesi. Akasogea pembeni kidogo.

Kariakoo nilishuka nikapita kwenye duka la santuri ninalolijua tangu nikiwa shule. Muuzaji alikuwa ameegemea kaunta, rafu nyuma yake zimepwaya. Nikamuuliza kama ana chochote cha Njiapanda Jazi. Akacheka kwa heshima. "Dada, wale walikuwa wapiga dansi wa shamba. Kuna mzungu amewahi kuniulizia? Hakuna." Nikamwonesha bakuli. Akaligeuza, akasoma karatasi. Kisha akaniambia hajaiona nyingine tangu ule mpaka ufungwe. Hilo ndilo nililotaka kulijua. Nikaenda kutafuta basi la Kisarawe.

Kisarawe mjini nilifika adhuhuri, baada ya kupanda vilima vya Pugu ambako hewa ilibadilika ghafla, ikawa ya baridi na harufu ya majani mabichi. Niliulizia mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Nikaelekezwa kwenye mgahawa wa mumewe, Shomari, karibu na soko. Mke hakuwapo, alikuwa shambani. Shomari alikuwapo, mtu mnene wa maneno, na ukuta wake wote ulikuwa umetundikwa majalada ya santuri za jazi za ng'ambo, wanaume wenye miwani myeusi na saksafoni, kila moja limevikwa nailoni.

"Karibu dada. Mimi ndiye mkusanyaji mkubwa wilaya hii," akasema kabla sijaketi. "Yule pale kwenye kona, hata Dar hawana."

"Ninatafuta Saa ya Mapumziko ya Njiapanda Jazi."

Akafikiri. Kisha uso wake ukabadilika, akatazama beseni la mandazi. Juu ya mandazi, kuzuia nzi, palikuwa na santuri kubwa nyeusi iliyong'aa mafuta.

Nikaiinua kwa kingo zake, nikasoma karatasi yake: ndiyo.

"Mke wangu alitaka kuichovya," akajitetea. "Mimi ndiye niliyeiokoa."

"Umeiokoa ukaifanya kawa?"

"Upande mmoja tu ndio umegusa mandazi."

Niliomba maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikaiosha kwa kiganja kama ninavyomwosha Zuhura, nikaikausha kwa nepi safi. Shomari alikuwa na gramafoni nzuri ya kubeba, ya betri, imelala bila sindano chini ya kaunta. Ilikuwa ndugu ya ile ya nyumbani kwetu. Nikafungua kiberiti changu.

Wewe mkusanyaji, sikiliza. Santuri ile ilirekodiwa kwenye ukumbi wenye paa la bati, na katikati ya wimbo wa pili mvua inaanza kunyesha. Bendi nyingine ingesimamisha kazi. Wao hawakusimama. Mpiga ngoma anaifuata mvua, anaongeza kasi inapoongezeka, halafu tarumbeta inaingia juu yake polepole kama mtu anayefungua dirisha. Mgahawani watu waliacha kukoroga chai. Mzee mmoja wa pembeni akasema, "Huyo ni Selemani." Nikasema ndiye, na mimi ni binti yake, Asha. Akaniambia niliwahi kutapika kwenye kofia yake.

Shomari alikuwa ametazama chini muda wote. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Hawa walikuwa wapi?"

"Walikuwa hapa. Wewe ulikuwa unatazama ukutani."

Ya tatu, akaniambia, mkewe aliipeleka Vihingo kwa Bi Mwajuma, kwa kuwa ana sufuria kubwa na kuni za kutosha. Nikamwomba gramafoni. Hapo utani uliisha. Akashika mkono wa gramafoni kama ninavyoshika mwanangu kwenye umati. Tukakubaliana hivi: nimwachie Saa ya Mapumziko kama rehani, nimrudishie gramafoni nikirejea.

"Na isiguse mandazi," nikasema.

"Nitaiweka ukutani," akajibu, na akaondoa mmoja wa wale wenye miwani kupata nafasi.

Njia ya Vihingo nilipata lori lililokwenda kuchukua mihogo. Dereva alinikalisha mbele kwa ajili ya mtoto, gramafoni miguuni. Pande zote zilikuwa mikorosho, kisha pori, kisha mikorosho tena. Alinishusha njia inapogawanyika, nikatembea. Gramafoni mkono huu, kapu mkono ule, Zuhura mgongoni akinivuta nywele. Njiani nilijiambia sufuria imekwisha kuchemka, kwamba nitakuta bakuli la pili, na kwamba hata likiwa bakuli nitafika, nilichukue. Sikugeuka.

Vihingo nilimkuta Bi Mwajuma uani anatwanga kisamvu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuoa au kuuza redio?"

Nikamweleza. Aliacha mchi ndani ya kinu. Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakifungua mapajani. Mvua ya Vuli. Nzima, na jalada lake.

"Walinipa nichovye," akasema. "Maji yalishachemka. Mimi kusoma sijui, lakini picha naijua." Akaweka kidole kwenye mpiga ngoma wa jalada. "Huyu ni mume wangu, Kondo. Amekufa miaka ile ya kuhamia kijijini. Nikamwaga yale maji. Nikawaambia kuni zimelowa."

"Ahsante bibi. Hiyo santuri ni yangu. Huyu mwenye tarumbeta ni baba yangu."

"Basi tumefiwa sote. Lakini haitoki hapa."

"Bibi, nimetoka Kibaha na mtoto."

"Hata ungetoka Mwanza. Umekuja na baba yako kichwani mwako, unamkumbuka akipuliza. Mimi huyu sina kwingine."

Nilikuwa na hasira ya kutosha njia nzima, na ghafla sikuwa na pa kuiweka. Nikamuuliza kama amewahi kuisikia. Akatikisa kichwa. Mumewe alileta jalada siku moja kumwonesha, akalirudisha mjini. Gramafoni ilikuwa kwa wenye nazo.

Nikaiweka ile ya Shomari juu ya kinu kingine kilichogeuzwa, nikatoa kiberiti. Majirani wakasogea. Mvua ya Vuli haina haraka. Ni santuri ya watu waliokwisha kuchoka na bado wanapiga kwa sababu wanapenda. Ukiipata, usiruke wimbo hata mmoja, na uvumilie mpaka wimbo wa mwisho upande wa pili. Mnajua desturi ya bendi zetu, mwenye fedha hutajwa jina katikati ya wimbo ili atunze. Baba hakutaja mwenye fedha. Gitaa linapoteremka anaacha tarumbeta, na sauti yake inaita waliobaki nyumbani wakati bendi iko safarini.

"Mwajuma wa Vihingo, Kondo anakusalimu, funga mlango, ulale."

Bi Mwajuma alijiziba mdomo kwa kanga.

"Na Asha wangu, usilie, baba yuko njiani."

Zuhura, ambaye alikuwa anataka kulia, aliacha, akatafuta sauti inatoka wapi.

"Irudishe," Bi Mwajuma akasema. Nikairudisha. Tuliisikiliza mpaka betri ikaanza kuzivuta sauti zao, ndipo nikaizima.

Alitoa santuri kwenye gramafoni mwenyewe, kwa vidole viwili, kama nilivyofanya mimi. Akanipa. Jalada akabaki nalo. "Wewe una sindano, chukua sauti. Mimi niachie sura. Na kila Idd uje nayo, usinitume mtu." Wakusanyaji mtasema santuri bila jalada imepungua. Mtasema na Bi Mwajuma, si na mimi.

Nikirudi nililala kwa mke wa Shomari, ambaye aliomba radhi na kunipa chai ya tangawizi, na asubuhi nikarudisha gramafoni, nikachukua rehani yangu ukutani. Shomari akaniuliza kama ningeuza. Nikamwambia aanze kuuliza watu wa wilaya yake wana nini chini ya vitanda, kabla sufuria haijawafikia.

Nilichojifunza ni hiki. Jazi yetu haikupotea kwa sababu ya sindano wala mpaka. Inapotea mikononi mwa watu wenye adabu, wanaokukaribisha peremende. Ndiyo maana, siku ya pili baada ya kufika Kibaha, nilikwenda kwenye baraza la usuluhishi la kata na kuwasilisha haya, kwa mwandiko wangu:

*Ndugu Mwenyekiti,*

*YAH: SANTURI YANGU KUGEUZWA BAKULI*

*Mimi Asha binti Selemani, mkazi wa Sofu, namlalamikia Ndugu Kibwana, katibu wa kamati ya maonesho. Nilimwazima santuri tatu kwa harusi. Bila kuniuliza, moja ameichovya kwenye maji ya moto na mbili amezigawa zikachovywe. Mbili nimezifuata mwenyewe hadi Kisarawe na Vihingo nikiwa na mtoto mgongoni, na nimezipata.*

*Sidai fedha. Ninadai asimame kwenye mkutano wa hadhara atamke kwamba mali ya kuazimwa si malighafi, na kwamba yeyote mwenye santuri ya kwanza ya Njiapanda Jazi asiichovye, aje kwangu, sindano ipo. Ninadai pia aje nyumbani akae kwenye kiti asikilize zile mbili zilizobaki, mwanzo hadi mwisho, kisha ajibu mwenyewe swali aliloniuliza, kwamba nani anazitaka.*

*Nimeambatanisha bakuli kama kielelezo. Naomba, wakati wote shauri linapoendelea, lisitiwe peremende.*