Shali Iliyochemshwa

Daktari aliposema hakuna tena la kufanya, tulimrudisha mama nyumbani. Mwili wake ulikuwa umechoka kubeba chochote. Blanketi lilimlemea, hata kitenge alikisukuma. Na Bukavu, msimu wa mvua, ukungu hupanda kutoka ziwani ukaingia ndani bila hodi.

Mama mdogo akatuletea shali kutoka Ulaya, ya sufu ya mbuzi wa milima ya mbali, zile nywele laini za chini wanazochanwa baridi ikiisha. Niliishika nikafumba macho, nisijue vidole vyangu vinaishia wapi.

Mama akacheka. "Mbuzi gani hii? Yetu ya Nyangezi, ukiivaa utajikuna mpaka Pasaka."

Akalala chini yake mchana kutwa, uso umetulia, nami kando yake nikisinzia. Tulikuwa tukizungumza nusu, tukiota nusu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na naona aibu kuisema.

Kisha nikaifua. Kwetu nguo ya mgonjwa huchemshwa. Ndivyo yeye mwenyewe alivyonifundisha. Nikaitia sufuriani juu ya makaa, na sabuni, nikaikoroga kwa mwiko kama mpishi wa harusi. Ilitoka nene, ngumu, imenywea ikawa kama taulo la mtoto. Nikaificha chini ya godoro langu.

"Shali haiyakauka?" akaita kutoka chumbani.

"Bado, maman. Ni mvua."

Siku tatu aliuliza, na siku tatu nilijibu nikiwa koridoni, nisivuke kizingiti, maana uso wangu haujui kudanganya. Chakula alipelekewa na dada yangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi mjinga nilijitahidi kuirefusha.

Siku ya nne nikaingia, nikaiweka mikononi mwake, nikalia. Aliipapasa polepole, akaivuta juu. Ilimfunika kifua tu.

"Nilijua tangu ile siku," akasema. "Nyumba yote ilinuka mbuzi."

"Sasa kwa nini ulikuwa unauliza?"

"Nilitaka uje kunijibia hapa, karibu yangu, mutoto yangu."

Nikapanda kitandani, nikalala ubavuni pake. Alifariki kesho yake, jioni.

Watu walijaa nyumbani kunipa pole ya mama. Pole ya zile siku tatu hakuna aliyenipa, na sikuthubutu kumwomba mtu.