Gauni la turubai

Leo mazoezi ya onyesho letu yamekatika katikati, na chanzo ni gauni nililobuni mwenyewe.

Nimelishona kwa maturubai chakavu niliyookota uswahilini hapa Ujiji. Yale ya wakimbizi, ambayo siku hizi watu wanaezekea vyoo na mabanda ya kuku.

Lina mkia mrefu. Mwisho wa onyesho Zuhura, anayelivaa, anaanguka na ule mkia unamfunika mwili mzima. Mimi niliona ni ubunifu wa hali ya juu.

Mama Goreth, jirani yangu Mrundi aliyenisaidia kushona, leo ndiyo amekuja kutazama kwa mara ya kwanza.

Zuhura alipofunikwa tu, Mama Goreth akasimama.

"Mfunueni uso."

Tukadhani anatania.

Akaenda mwenyewe, akapiga magoti, akalivuta turubai.

"Sema kitu, mwana wanje, mwanangu."

"Niko hapa, mama," Zuhura akajibu, naye ameshaogopa.

Ndipo akatuambia. Walipokimbia machafuko Burundi wakafikia Kagunga, kijiji cha huku mpakani, mdogo wake aliugua kipindupindu, akafa. Alimkuta ameshafungwa kwenye turubai kama hilo. Akaomba amwone uso, wakamkatalia kwa sababu ya ugonjwa.

"Mpaka leo sijui kama niliyemzika ni yeye."



Nikachukua mkasi, nikaukata ule mkia. Kesho Zuhura atamaliza onyesho akiwa amesimama.

Kile kipande Mama Goreth alikiomba. Akakikunja vizuri, akaondoka nacho.

Sikumuuliza ni cha nini. Ninyi mngemuuliza?