Mgeni wa Chumba Namba Saba

Mama Mashuka alikuwa ametandika vitanda vya watalii kwa miaka ishirini na miwili, na swali moja lilikuwa halijamtoka kichwani: hawa watu wenye nchi zao nzuri, huku kwetu wanafuata nini? Siku moja akamuuliza mgeni mmoja, daktari wa meno mstaafu.

"Kwetu mimi ni bibi kizee tu wa ghorofa ya nne," mgeni alijibu bila kupepesa macho. "Nikija huku nakuwa mtu."

Mama Mashuka alilitafuna jibu hilo mwaka mzima. Alipopata likizo akatangaza nyumbani kwamba anavuka mpaka, anakwenda kutalii nchi jirani, ile ambayo hata wao, pamoja na shida zao zote, huionea huruma.

Dada yake nusura apaliwe na chai. "Watu wanakimbilia kwenye neema, wewe unakimbilia kwenye dhiki? Umelogwa?"

"Nataka kuona, dada. Nataka nijue huko kuwa mtu kukoje."

Na kweli, hotelini alikuwa mtu. Begi lilibebwa. Aliitwa "madam" mpaka akageuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Mhudumu wa vyumba, binti mwembamba mwenye aproni iliyomzidi, alimuuliza kama mto ulikuwa laini vya kutosha. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mto.

Lakini asubuhi mikono ikaanza kumwasha. Kitanda kilikuwa shagalabagala, kinamwangalia. Akasema atanyoosha upande mmoja tu. Kufumba na kufumbua, kitanda kizima kimenyooka, pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha, sinki linang'aa. Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

Siku ya nne, akiwa anavaa viatu, akasikia meneja akifoka koridoni.

"Siku tatu hakuna shuka hata moja lililotoka namba saba kwenda kufuliwa! Humo unaingia kufanya nini, kulala?"

"Naapa, bosi, kila nikiingia nakuta kimeshatandikwa."

"Na nani? Malaika? Vua aproni, nenda nyumbani."

Mama Mashuka akainuka. Ameshaona wangapi wakimwaga unga kwa kosa dogo kuliko hilo! Akafungua mlango, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye ninayetandika."

Meneja akachungulia kitanda, akatabasamu kwa adabu. "Madam, usimtetee. Wageni hawatandiki hivi. Hizi pembe ni za fundi."

"Basi ingia uone."

Akayavuta mashuka yote chini. Akalirusha moja hewani, likatua katikati ya godoro kama lililopimwa kwa rula. Pembe nne, foronya mbili, kwisha. Binti alikuwa bado ameshika kamba ya aproni. Meneja akaibonyeza pembe moja kwa kidole.

"Madam, umekuja kupumzika au kuomba kazi?"

"Kupumzika," alisema, pumzi juu juu. "Ila sijui kunafanywaje. Mwache mwenzangu na kazi yake, na mimi shuka siligusi tena."

Meneja akaangua kicheko, akamwashiria binti afunge aproni yake.

Kesho yake Mama Mashuka alikivuruga kitanda kwa bidii ileile ya kukitandika, akautupa mto sakafuni, akalirushia sinki povu. Binti alipoingia, akaketi kitini, mikono ameikalia. Pembe moja ya shuka ikakunjwa ovyo. Akajing'ata ulimi.

"Mama," binti akauliza, "kwani huku kwetu umefuata nini?"

Jibu la daktari wa meno likamjia mdomoni, akaona aibu kulitoa. "Hata mimi nilikuja kuuliza hilohilo," akasema. "Na wewe ukipata likizo utakwenda wapi?"

Binti akasimama, mto ameubana kidevuni, akafikiri kwelikweli.

"Hivi, mama, kuna nchi iliyo chini yetu?"

Wakacheka mpaka binti akaukalia ukingo wa kitanda, na ile pembe ikachomoka yote. Mama Mashuka hakuigusa.