Vidole Vinne vya Kitambaa

Mwezi uliopita nilinunua gauni la dukani hapa Ukunda, gauni zuri, na bei yake sikuambii. Nikalivaa mara mbili. Mara ya tatu likakataa kupita kiunoni. Umri huo, ndugu yangu, na mahamri nayo. Nikalipeleka kwa fundi wa kando ya barabara alipanue. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akacheka. "Hapa hamna kitu, dada. Hawa hawaachi akiba. Nikifumua hapa nitashona nini, hewa?" Nikacheka naye. Kisha machozi yakanitoka mbele ya mwanamume nisiyemjua hata jina, naye maskini akadhani nalilia gauni.

Nilikuwa namlilia mama.

Mama yangu alikuwa fundi wa cherehani kule Msambweni. Hakuwa na duka. Alishonea barazani, kwa cherehani ya mkono iliyokaa juu ya mkeka, naye amekaa pembeni yake, mguu mmoja ameunyoosha. Futi ya kupimia alikuwa nayo lakini hakuiamini, alisema inarefuka ikikaa juani. Alipima kwa kiganja: shubiri mbili na vidole vitatu, geuka, shubiri moja, "Usijikaze tumbo, sitaki uongo mimi." Mikono yake ilinukia nazi, kwa maana alikuwa ametoka kukuna ya mbaazi, akainawa na kuingia kazini. Na ndani ya kila mshono wa nguo zangu aliacha vidole vinne vya kitambaa. Vinne! Mafundi wengine wakiacha kimoja wanajiona wakarimu. "Weye unakua hata ukilala," akiniambia. Basi gauni langu moja la Idd nililivaa miaka mitatu, kila mwaka akifumua hapa na kuteremsha pale, akiongeza lesi chini.

Kumi la mwisho la Ramadhani baraza letu lilikuwa halipitiki. Akina mama wa mtaa mzima walileta vitambaa, watoto wakasimamishwa mstari wakipimwa, huku ndani viazi vya karai vinangojea mtu wa kuvikaanga, na mtu huyo ni mimi. Mlio wa cherehani ulianza baada ya alfajiri, ukanyamaza kwa sala, ukaanza tena. Mama alikuwa na mtindo wake: nguo ikiisha, alikusanya vipande vyote vilivyobaki, hata vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, akavifunga fundo na kumrudishia mwenye kitambaa pamoja na nguo. Mafundi wengi walijiwekea, wakashonea foronya. Yeye ng'o. "Cha mtu ni cha mtu," basi, maneno yameisha. Watu wakamwamini kwa ajili ya mafundo yale.

Nami nikafika miaka kumi na mitano, nikaanza kuzionea haya nguo za mama. Ile akiba yote ndani ya mshono ilifanya gauni lisimame mbali na mwili, kama limevalishwa nguzo. Nilikuwa na binamu Mombasa, mtoto wa mjomba, akija likizo amevaa nguo zimemkaa sawasawa, kila kitu mahali pake. Nilimwambia mama anibane kidogo tu. "Nikubane upumue wapi?" akanijibu, akaendelea kuzungusha mpini. Mwenzio nikanuna siku mbili. Leo ningempa mtu chochote anishonee gauni la kusimama mbali na mwili.

Mwaka huo jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa anamwoza bintiye. Jirani huyu na mama walikuwa chanda na pete: chumvi ikiisha kwetu inatoka kwake, uji ukiiva kwake bakuli linakuja kwetu. Akanunua jora la satini ya samawati, akamletea mama ashone sare za wasichana wanane watakaomsindikiza bi harusi, mimi mmoja wao. Mama alikata na kushona majuma mawili. Zikaisha siku mbili kabla ya harusi, zimepigwa pasi, zimetundikwa kambani chumbani, na fundo la vipande liko juu ya cherehani, tayari kurudishwa.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda kwa jirani kuchagua mchele pamoja na wanawake wenzake. Nikabaki peke yangu na zile nguo. Nikalivua langu kambani, nikajitazama kiooni, nikamwona binamu yangu akicheka. Nikachukua makasi ya mama, makasi ambayo kukatia karatasi tu ni kosa. Nikashona gauni upya ubavuni, limenibana barabara. Lakini ile akiba sasa ilifanya uvimbe ndani, vidole vinne na zaidi kila upande. Nikaikata. Nikaikata yote karibu na uzi, nikavichukua vile vipande virefu vya samawati, nikavitia mekoni chini ya chungu cha maharage. Satini ikiungua inanuka vibaya, wallahi. Mama aliporudi aliuliza nini kinanuka, nikasema maharage yameshika chini.

Siku ya harusi nilijiona malkia. Alasiri wanawake wakaanza ngoma, nasi tukaingia kati kuyumbisha viuno, na kwenye raundi ya pili nikasikia *prrr* kutoka kwapani hadi kiunoni. Nguo iliachia ubavu mzima. Wakanifunika leso, wakanivuta ndani, na mmoja wa mashangazi wa bi harusi akachukua uzi na sindano anishikize. Akaligeuza gauni, akatazama mshono, akawatazama wenzake. "Hebu njooni muone. Hamna kitambaa hapa!" Wakatafuta mahali pa kupitisha sindano, hawakupata. Mwengine akafumbua fundo la vipande ambalo mama alikuwa ameshalirudisha, akapekua. Akiba ya ubavu ule haikuwamo. Kisha shangazi akasema polepole, wala si kwa ukali, "Kumbe hata yeye huiba kitambaa."

Nilikuwa nimesimama palepale, na shimizi yangu. Maneno matatu tu yangetosha: nimekata mimi mwenyewe. Sikuyasema.

Wakamwita mama. Akaja mikono ina unga wa ngano, akapokea lile gauni, akapitisha dole gumba kwenye ukingo. Mama alikata kitambaa kwa mstari mnyoofu. Ule ukingo ulikuwa kama umetafunwa na panya. Akainua macho akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Mama akamgeukia jirani yake mbele ya wanawake wote, akasema, "Huenda nilikosea kukata. Niwie radhi, dada." Jirani akasema yamekwisha. Lakini alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaka wageni wake wasigombane, na bakuli la uji halikuja tena mlangoni kwetu.

Jioni ile mama aliniuliza mara moja tu. "Una la kuniambia?" Nikasema, "Sina, mama." Akasema, "Haya." Ramadhani iliyofuata baraza letu lilikuwa na watu watatu. Iliyofuata, hakuna. Vitambaa vilikuwa vinapelekwa kwa fundi wa barabarani. Mama akabaki kunishonea mimi peke yangu, na ukweli ambao hadi leo unanikata maini ni huu: katika gauni langu la Idd la mwaka ule, kila mshono, alikuwa ameniachia vidole vinne.

Nikamaliza shule, nikapata kazi ya hoteli Diani, nikaanza kununua nguo za dukani. Kila nikienda nyumbani nilijiambia safari hii nitasema. Nilikuwa na miaka ishirini, thelathini, arobaini, na kila umri ulikuwa na kisingizio chake. Cherehani ikashika kutu. Mama akaugua kifua, na juzi juzi tu, mwaka juzi, akatangulia mbele ya haki.

Siku ya maziko, kabla ya jeneza kutolewa, mama mdogo alisimama chumbani kati ya wanawake, akaomba kama ilivyo ada yetu: mwenye kinyongo na marehemu amsamehe, asiende na deni la mtu. Jirani yetu, mzee sasa, anatembelea fimbo, akapaza sauti akilia. "Mie nimemsamehe yote. Hata lile la kitambaa. Allah ni shahidi wangu, nimemsamehe." Wanawake wakaitikia amina. Alikuwa ameshika mkono wangu. Na mimi, niliyezaliwa na maiti ile, nikamwambia, "Ahsante, mama."

Nilimwacha mama aondoke duniani akiwa mwizi aliyesamehewa.

Juma lililopita nilikwenda Msambweni. Nyumba zile za makuti hazipo, nyingi ni za mabati, na watoto wa pale siku ya Idd wanavaa nguo za kutoka kwenye karatasi za nailoni, zinazofanana zote. Hakuna anayepimwa kwa shubiri. Nikapiga hodi mlango wa pili. Nikamwamkia shikamoo, akanitilia chai ya tangawizi, akanisifu kwamba nimenenepa. Nikamweleza yote: makasi, moto, maharage. Sikuacha hata kimoja. Nilitaraji atanifukuza, na ningeshukuru angenifukuza.

Hakunifukuza. Aliukunja na kuukunjua upindo wa leso yake. Alihesabu kwa vidole miaka aliyopita mbele ya baraza letu bila kuketi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, kama mtoto anayeuliza njia: "Sasa mie, mwanangu, radhi nikaiombe kwa nani?"